Mswala wa sponji na mswala wa ukindu: upi unafaa zaidi kusujudia?

Msikitini zulia huwa limekwisha kutandikwa na muumini hana la kuchagua, lakini anayeswali nyumbani, ofisini au safarini huhitaji mswala wake mwenyewe, na siku hizi maduka ya vifaa vya ibada pale Kariakoo yamejaa miswala ya kila namna. Nimeitumia miwili kwa muda wa kutosha kuielezea. Wa kwanza ni ule mnene wa mahameli wenye sponji ndani, uliotariziwa picha ya Al-Kaaba kwa uzi wa dhahabu, wenye urefu wa sentimita 110 hivi na upana wa 70, ambao niliununua kwa shilingi 40,000. Wa pili ni wa ukindu, wenye umbo la yai, uliosukwa kwa mkono, nilioupata soko la Darajani, Unguja, kwa chini ya nusu ya bei hiyo.

Sikuipima kwa uzuri. Mswala ni wa kusujudia, na sijda ndiyo hali ambayo mja hujidhalilisha zaidi mbele ya Mola wake, kwa kuwa paji la uso, lililo tukufu kuliko viungo vyote, huwekwa chini sawa na nyayo. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mja huwa karibu mno na Mola wake anapokuwa amesujudu. Mwenye kutimiza swala tano za faradhi huswali rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijda mbili, kwa hiyo uso wake hufika chini mara 34 kabla ya kuhesabu sunna hata moja. Kwa hiyo nilijiuliza jambo moja tu juu ya kila mswala: je, unanisaidia kunyenyekea pale chini, au unanishughulisha?

Nianze na sponji. Sisi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika pwani hii, tumefunzwa tangu chuoni kwamba viungo saba viguse ardhi, yaani paji la uso, viganja viwili, magoti mawili na vidole vya miguu yote miwili, na kwamba paji la uso halitoshi kugusa tu, bali hukandamizwa kiasi kwamba lau pangekuwa na pamba chini yake ingebonyea. Mwenye kukandamiza vizuri juu ya sponji sijda yake haina kasoro. Tatizo ni kwamba sponji ile husukuma kurudi juu, hivyo nilijikuta nikitafuta mahali pa kutulia wakati nilipopaswa kuwa nimekwisha kutulia, vidole vya miguu vikizama, pua ikifukiwa na manyoya ya mahameli, na tasbihi ya tatu, yaani maneno ya kumtukuza Mungu yasomwayo katika sijda, ikiharakishwa kwa sababu ya joto la pumzi. Wakati wa kukaa tahiyatu, nakiri, raha yake haina mfano.

Picha ndiyo iliyoniudhi zaidi. Anayeswali hutakiwa kuelekeza macho mahali pa kusujudu, na pale pale ndipo mtengenezaji alipojaza kila alichonacho: Al-Kaaba, minara, maua, na uzi unaometa kila taa inapowashwa. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume aliswali akiwa amejifunika shuka yenye nakshi, akazitupia jicho mara moja, na alipomaliza akaagiza ipelekwe kwa sahaba wake Abu Jahm, na badala yake aletewe ya Abu Jahm isiyo na nakshi, kwani ile ilimshughulisha katika swala yake. Ikiwa yeye alihofia nakshi za shuka, sijui sisi tunajiamini nini. Wauzaji husema picha humkumbusha mtu anakoelekea. Hoja hiyo haikunishawishi, maana aliyekwisha kuingia katika swala anajua anakoelekea. Isitoshe, nyumba yenye watoto haikosi anayepita na kuikanyaga Al-Kaaba kwa miguu yenye mchanga, jambo ambalo moyo wangu haukulizoea.

Dira iliyoshonwa kwenye kona ilikwama mapema, lakini hasara si kubwa kwa mkaazi wa Dar es Salaam, kwa kuwa kutoka hapa Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja.

Mswala wa ukindu hauna cha kujionyesha. Majani machanga ya mkindu huanikwa, huchanwa, mengine huchemshwa kwa rangi, kisha husukwa ukili, yaani mkanda mrefu mwembamba, na ukili huo hushonwa mzunguko kwa mzunguko. Ukisujudu juu yake unaifahamu sakafu: paji la uso hutua mara moja na kubaki pale, hapana kinachobonyea wala kinachometa, na hata siku za joto kali hubaki baridi. Bibi Maimuna (r.a.), mke wa Mtume, amepokea kwamba Mtume alikuwa akiswali juu ya khumra, nayo ni kijamvi kidogo cha majani ya mtende, na sahaba Abu Said al-Khudri ameeleza jinsi alivyoliona paji la uso la Mtume likiwa na alama za maji na udongo baada ya mvua ya usiku mmoja wa Ramadhani kuvuja msikitini. Sisemi kwamba mahameli ni haramu; nasema tu kwamba mswala huu uko karibu zaidi na hali ile.

Kasoro zake zipo. Huteleza juu ya marumaru, huacha alama magotini, na wakati wa masika huota ukungu usipoanikwa. Mzee mwenye maradhi ya magoti nisingemshauri autumie peke yake juu ya sakafu ya saruji, kwani maumivu nayo huondoa utulivu, na kwake sponji ni rehema. Mimi humtandikia mama shuka iliyokunjwa chini ya ukindu, upande wa magoti tu, na ameridhika.

Asiyeweza kuacha sponji aulizie ile nyembamba ya rangi moja isiyo na picha. Ipo, na ni rahisi kuliko yenye Al-Kaaba, ila muuzaji hataitoa mpaka aombwe, kwa kuwa huiweka chini kabisa ya rundo.