Samba kwa mafolda ya watumiaji kwenye mtandao mchanganyiko: naikubali sana

Kama mna Windows, Mac na Linux zote zinaingia kwa akaunti za saraka moja (orodha kuu ya watumiaji), Samba, programu huria ya kushirikisha faili kwenye mtandao, ndo chaguo langu bila kusita. Tangu toleo la 4.0 la 2012 inaweza yenyewe kuwa domeni kontrola (seva inayohakiki watumiaji) ya Active Directory, yaani saraka ya Microsoft, leseni hulipii, na mtu akihama kompyuta anakuta faili zake zilezile.

Sasa shida inayojirudia ni hii, mtu anaingia vizuri tu ila folda yake haifunguki, na wengi wanakimbilia kubadilisha paswedi wakati paswedi haina kosa lolote. Anza na saa, maana Kerberos, mfumo unaothibitisha mtu ni nani, kwa kawaida inakataa tofauti ya saa ikizidi dakika 5, halafu DNS (inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani), mashine iulize seva ya domeni sio ruta. Ila kinachosumbua kweli ni namba za watumiaji: andika `id` na jina la mtu kwenye Linux mbili, huku ikitoka 10001 na kule 3000017 basi mchawi umempata, mtu ni mmoja ila mashine zinaona watu wawili, lazima ruhusa zigome. Mimi naiamini zaidi idmap_ad, njia ya Samba ya kusoma namba hizo kutoka Active Directory, kwa sababu namba zinakaa kwenye saraka yenyewe, zinakuwa sawa kote.

Kwa Mac washa vfs_fruit, moduli ya Samba ya kuelewana na Mac, na iweke kwenye sehemu ya global ya faili la mipangilio la Samba, usiiwashe kwa folda moja moja. Maelezo yao rasmi ya idmap ni marefu na yanachosha, wangeyapunguza jamani.