Ufunguo wa Radar: mlango utafunguka, lakini chunguza chumba chenyewe

Kwa mtu anayetumia kitimwendo Uingereza, safari ya mjini hupangwa kwa kuangalia choo kiko wapi. Wengi hujinyima maji tangu asubuhi ili wasibanwe njiani, na mwili huja kulipa deni hilo kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Ufunguo wa Radar, unaofungua vyoo vya umma vya watu wenye ulemavu, hauondoi tatizo lote, lakini kwa pauni chache tu hakuna kifaa kingine kinachosaidia kiasi hiki.

Jina limetokana na RADAR, chama cha watu wenye ulemavu kilichoanzisha mpango wa National Key Scheme mwaka 1981. Sasa mpango uko chini ya shirika la Disability Rights UK. Vyoo vya watu wenye ulemavu vilikuwa vikiharibiwa, halmashauri zikavifunga, na mwenye haja akalazimika kuzunguka akimtafuta mlinzi mwenye ufunguo. Suluhisho likawa kitasa cha aina moja nchi nzima, na kila anayekihitaji awe na ufunguo wake mfukoni. Leo kuna vyoo zaidi ya 9,000 vyenye kitasa hicho: stesheni, madukani, kwenye bustani za umma na vituo vya mapumziko vya barabara kuu.

Kuununua hakuhitaji cheti cha ulemavu. Ukitia saini tamko kwamba una ulemavu au ugonjwa wa kudumu, unasamehewa VAT ya asilimia 20. Mama aliyekuja kumtembelea mwanawe kutoka Tanga, magoti yakiwa hayamwezi, anaweza kuwa nao pia. Hali kadhalika mgonjwa wa utumbo au mwenye mfuko wa stoma (wa kupokea choo au mkojo kupitia tundu la tumboni), ambaye kwa kumtazama huoni kasoro yoyote. Asikubali mtu amhoji mlangoni.

Chagua ule wenye kichwa kipana kama vidole havina nguvu ya kubana. Jihadhari na nakala za bei ya kutupa mitandaoni, kwani nyingine hazikukatwa sawasawa: zinaingia, kisha zinagoma kuzunguka. Kabla ya kuingiza ufunguo, bisha hodi na usikilize. Kitasa cha zamani kikikaza, usilazimishe. Vuta au sukuma mlango kidogo ili ulimi ulegee, ndipo uzungushe.

Sasa ndani. Chumba cha kawaida kilichojengwa kwa kufuata kanuni za England hakipungui mita 1.5 kwa 2.2, na mlango hufunguka kwa nje, ili mtu akianguka mwili wake usizuie msaada kuingia. Kiti cha choo kina kimo cha sentimita 48, karibu sawa na kitimwendo, kwa sababu kuhama kwa kuteleza kando ni rahisi kuliko kujinyanyua. Upande mmoja ukuta uko karibu, una chuma cha kushikia, na sinki dogo linafikiwa ukiwa umekaa. Upande wa pili ni wazi, una chuma cha kukunja. Hapo ndipo kitimwendo kinapoegeshwa. Mpini wa kuvutia maji unatakiwa kuwa upande huo wa wazi, maana ukiwekwa ukutani mtu akisharudi kwenye kitimwendo haufikii.

Ni nafasi hiyo ya wazi inayoharibiwa zaidi. Utakuta pipa la nepi, ndoo na fagio, viti vya mgahawa vilivyopangwa juu kwa juu. Wafanyakazi huona pembe tupu, kumbe bila pembe hiyo mtumiaji hawezi kufika kwenye choo kabisa. Meza ya kubadilishia watoto nayo ikiachwa imeshushwa, kitimwendo hakipiti, na aliyekaa huenda asifike mahali pa kuirudisha juu. Kosa baya kuliko yote ni kamba nyekundu ya dharura iliyofungwa fundo juu, eti isivutwe kwa bahati mbaya au isiguse maji ya kudekia. Kamba hiyo lazima ining'inie hadi sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa kuwa anayeihitaji ndiye aliyelala chini. Ukiikuta imefungwa, ifungue kabla ya jambo lingine lolote, halafu mwambie msimamizi.

Kwa mtu asiyeweza kabisa kujihamisha, chumba hiki hakitoshi hata kikiwa safi namna gani. Huyo anahitaji chumba cha Changing Places, kilichotokana na kampeni iliyoanza mwaka 2006. Chumba chake ni mita 3 kwa 4, choo kina nafasi wazi pande zote mbili, kuna kitanda cha kubadilishia mtu mzima kinachopanda na kushuka, pazia la faragha, na mashine ya kunyanyua inayopita kwenye reli za darini. Tangu Januari 2021, kanuni za England zinadai chumba hicho katika majengo mengi makubwa mapya ya umma. Kabla ya hapo wazazi wengi walikuwa wakiwalaza watoto wao wakubwa kwenye sakafu ya choo ili kuwabadilisha, na penye upungufu bado wanafanya hivyo. Ni aibu.

Chumba hicho hakina mbeleko ya kunyanyulia, yaani kitambaa cha kumbebea mtu kinachoning'inizwa kwenye mashine. Unakuja na yako. Mbeleko nyingine hushikizwa kwa vitanzi, nyingine kwa klipu, na klipu haikai kwenye mashine ya vitanzi. Piga simu mapema, uliza mashine ni ya aina gani, inabeba kilo ngapi, na kama betri imechajiwa. Uliza pia chumba kinafunguliwa vipi: vingine ni kwa Radar, vingine kwa ufunguo ulioko mapokezi.

Ukivuka bahari kwenda Ujerumani au Uswisi, Radar haifungui kitu. Huko wanatumia Eurokey, ufunguo wa namna hiyo hiyo, iliyoanzia Darmstadt mwaka 1986, na kwa Ujerumani sharti uonyeshe uthibitisho wa ulemavu ndipo uuziwe. Iagize kabla ya safari.