TAHADHARI: Muuzaji wa samaki wa matumbawe mwenye "garantii ya saa 24"

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa baharini nyumbani, na hasa nyinyi mnaotaka kuanza, tafadhali someni hili kabla ya kutuma pesa. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya Nairobi na Mombasa akitangaza "seti kamili": tenki la lita 60, filta, taa, mfuko wa chumvi na samaki sita wa rangi, vyote vinaletwa na kufungwa siku hiyo hiyo. Simtaji jina, na namba ya simu hubadilisha kila mara. Mbinu yake ndiyo haibadiliki.

Mbinu yenyewe ni hiyo garantii. Samaki akifa ndani ya saa 24, anakupa mwingine bure. Inapendeza masikioni, lakini tenki jipya kwa kawaida haliui siku ya kwanza. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga kwenye mawe na filta. Sumu hupanda polepole. Siku ya tatu au ya nne samaki anahema juu juu karibu na uso wa maji, halali wala hali, na garantii ilishakwisha. Tena maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 8 na kitu, na kwa pH hiyo amonia huwa kali zaidi. Ukimpigia, anakwambia umelisha kupita kiasi, kisha anakuuzia wengine. Jirani yangu alipoteza wote sita, akauziwa wengine, nao wakafia kwenye maji yale yale. Huyu mtu anajua anachofanya. Hizo saa 24 amezipima vizuri.

Linaniuma kwa sababu wengi wa samaki hawa hawakutotolewa kwenye bwawa la mtu. Wamevuliwa mwambani wakiwa wazima.

Halafu anaapa kwamba ni "wadogo, hawakui". Kwenye picha zake nimeona kangaja wa buluu, ambaye hufika kama sentimita 30, na kitatange mchanga mwenye pete nyeupe na buluu, ambaye akikua huvaa mistari ya njano na kukaribia sentimita 40. Lita 60 kwa hao ni jela. Anayefaa tenki dogo ni samaki mdogo aitwaye klauni, naye baada ya maji kukomaa, yaani bakteria wale wakishajijenga.

Muwe macho pia na "samaki msafishaji" wake, mwembamba mwenye mstari mweusi. Baharini kuna samaki mwingine anayemwiga kwa umbo na rangi, ambaye hung'ata mapezi ya wenzake. Tazama mdomo: wa msafishaji halisi uko mbele ya uso, wa mwigaji uko chini ya pua. Hata huyo halisi mara nyingi hufa njaa kwenye tenki, maana chakula chake ni vijidudu anavyowatoa samaki wengine mwilini.

Akikuletea vipande vya matumbawe hai akijisifu vimetoka Watamu, kataa. Ile ni hifadhi ya bahari, hakuna ruhusa ya kuvunja kitu mle.

Muuzaji mwaminifu hukuuliza wewe kwanza tenki lako lina muda gani. Hukuonyesha samaki akila mbele yako, na haoni vibaya ukimwambia amshike wiki mbili zaidi.

Kama tayari amekufungia seti na samaki bado wanapumua, leo hii badilisha theluthi ya maji kwa maji mapya ya chumvi ya akwaria (si ya jikoni), yenye uzito maalum (kipimo cha wingi wa chumvi majini) wa 1.025 na joto sawa na la tenki. Punguza chakula, pima amonia kila siku, rudia kubadilisha maji kila inapopanda. Usiongeze samaki hata mmoja. Meseji za M-Pesa, picha na mazungumzo yenu msifute, pelekeni kituo cha polisi kilicho karibu. Tukiwa wengi wenye ushahidi wa mtu yule yule, malalamiko yetu hayatapuuzwa kirahisi.