Sofa kitanda ya sebule ndogo: yangu ina mwaka mmoja na nusu sasa

Naishi Sinza, ghorofa ya pili, chumba kimoja na sebule, jiko na choo ndani. Mama yangu yuko Muheza, na tangu macho yaanze kumsumbua huja Dar kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya kliniki. Hukaa wiki moja, mara nyingine mbili. Chumbani nalala na mwanangu wa miaka saba. Mama analala sebuleni kwa kutaka mwenyewe, kwa sababu huamka alfajiri kuswali na hapendi kumwamsha mjukuu wake. Kwa hiyo nikisema sofa kitanda nasema kitanda cha mama yangu. Mara ya kwanza sikulifikiria hivyo, nilitafuta sofa nzuri tu, na mama ndiye aliyeumia.

Ile ya kwanza niliinunua dukani ikiwa imekamilika: fremu ya chuma, leza nyeusi inayong'aa, mgongo unaoulaza kwa kuuvuta mbele mpaka usikie "ka!", kisha unaurudisha nyuma. Muuzaji aliniambia, "Karibu dada, kaa uijaribu," nikakaa. Ilikuwa laini. Sikuilaza, sikulala juu yake hata dakika moja. Nililipa, ikaletwa.

Mama alipokuja, usiku wa tatu niliamka kunywa maji nikamkuta amelala chini kwenye mkeka, amejifunika khanga, na sofa iko wazi pembeni yake. Kumbe kila alfajiri alikuwa anakunja mkeka na kunyoosha shuka la kwenye sofa ili nisijue. Asubuhi nilimuuliza, akanijibu, "Chini kuna ubaridi mzuri, mwanangu." Alipoondoka nililala pale mwenyewe usiku mzima. Katikati, usawa wa kiuno kabisa, limepita bomba la chuma. Juu yake sponji ya inchi mbili na nusu hivi, ambayo ukilala nusu saa inabonyea na bomba linakupata. Ukigeuka ubavu, bega linaingia kwenye ufa kati ya kalio na mgongo wa sofa. Kwa mtu wa miaka sitini na nane hiyo ni adhabu.

Na leza nayo. Februari ya Dar, umeme umekatika, umelalia plastiki: shuka linateleza na mgongo unanata. Leza ya aina ile si ngozi halisi, ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki, na utando ule huharibika taratibu kwa joto, unyevu na jasho. Yangu ilianza kubanduka ilipomaliza masika ya pili, vipande vyeusi vidogo vidogo vikawa vinanasa kwenye soksi nyeupe za shule za mtoto. Niliiuza kwa bei ya hasara, na aliyeinunua nilimweleza kila kitu.

Safari ya pili nilianza na futi kamba, kabla hata ya kuangalia picha. Sebule yangu ni futi 10 kwa 12. Sofa haipimwi ikiwa imekunjwa, hilo nimelijua kwa gharama. Nilichukua maboksi ya katoni, nikayapanga sakafuni upana wa futi nne na urefu wa futi sita na nusu, nikayaacha siku mbili, tukawa tunapita. Nikaona mlango wa jikoni unafunguka vizuri, na njia ya kwenda chooni usiku iko wazi. Nikaona pia kwamba meza ya katikati haina nafasi, nikaiondoa. Siku hizi tunatumia stuli mbili.

Kwa nini kitanda cha futi nne kwa sita, ukitoa ile nusu futi ya mikono ya sofa? Kwa sababu ndiyo saizi ambayo mashuka na vyandarua vyake viko kila mahali, kuanzia Kariakoo mpaka kwa mmachinga anayepita mtaani. Sofa nyingi nilizoziona madukani zikifunguliwa zinatoa kipimo cha ajabu, futi tatu na inchi kadhaa kwa futi tano na nusu. Shuka linabaki linaning'inia au halifiki. Mtu mrefu miguu inatoka nje. Ukishalazimika kushonesha mashuka ya kipekee, umeanza kulipia sofa mara ya pili.

Nikaenda Keko. Anayeijua Dar anajua kule ni fanicha mtaa mzima, vumbi la mbao na harufu ya vanishi, sofa zimepangwa mpaka barabarani. Nilizunguka Jumamosi mbili. Mafundi wengi walinionesha picha za sofa zenye vyuma vya kukunja, nikakataa. Chuma cha kukunja kikiwa kizuri ni kizuri kweli, ila cha bei yangu ndicho kile nilichokwisha kukionja, na kikipinda hakuna fundi wa mtaani anayeweza kukinyoosha kikarudi sawa.

Niliyemchagua alinionesha kitu kingine, cha mbao tupu. Chini ya mito kuna chaga kama za kitanda, lakini ziko seti mbili. Seti moja imefungwa kwenye fremu ya nyuma, nyingine kwenye fremu ya mbele, na zinapishana kama vidole vya mikono miwili. Ukishika upande wa mbele ukavuta, chaga zinateleza na kalio linaongezeka kutoka inchi 30 mpaka inchi 48, yaani futi nne kamili. Kisha unaulaza mto wa mgongo kwenye nafasi iliyopatikana. Basi. Hakuna springi, hakuna bawaba, hakuna bomba. Hata ikiwa wazi kabisa, chaga bado zinapishana inchi 12, kwa hiyo katikati hakubonyei. Nilimwomba anifungulie ya mteja mwingine iliyokuwa bado haijavishwa, nikalala juu ya chaga tupu, yeye akakaa pembeni yangu. Haikulia wala kuyumba.

Tulikubaliana hivi: fremu ya ndani msonobari uliotiwa dawa ya wadudu, chaga na miguu mninga. Mninga una bei, lakini mchwa hauupendi na haupindi ovyo, na chaga ndizo zinazobeba uzito wote. Mikono ya sofa nilitaka myembamba, inchi tatu kila mmoja. Ile mikono minene ya kuvimba inapendeza kwenye sebule kubwa, kwangu ingenila futi nzima bure. Miguu iwe mirefu kiasi fagio na tambara vipite chini. Sebule ndogo ikionekana sakafu yake mpaka ukutani, macho yanapumua, na vumbi halina pa kujificha. Kisha nikamsisitizia kwamba mikono ifungwe kwa bolti na nati, isigundishwe, ili ngazi zisitusumbue.

Sponji tulibishana. Alitaka kuweka ya kawaida inchi sita kwenye kalio na inchi nne mgongoni, kama sofa zote. Nilimwambia fundi, mgongo huu utalaliwa, nataka zote mbili nzito na zote mbili inchi sita. Alikubali. Nilipokwenda kuichukua, baada ya wiki nne na si mbili alizoniahidi, nilifungua, nikatandaza, nikapitisha kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kiganja kikashuka. Mgongo ulikuwa na inchi nne. Kwa macho ni vigumu kuona kwa sababu kitambaa kimevutwa vizuri, lakini mkono unajua, na ubavu wa mama yangu ungejua zaidi. Niligoma kumalizia hela. Sikugombana naye. Nilimweleza habari ya mama na mkeka, akanyamaza kidogo, akasema, "Nipe siku tatu dada." Siku ya tatu ilikuwa tayari na ni sawa. Namshukuru kwa hilo, lakini somo limebaki palepale: usimalizie malipo kabla hujaifungua na kulala.

Bei ilikuwa laki saba na elfu themanini, nikatoa nusu kama advansi. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka Sinza elfu arobaini. Vijana wawili waliipandisha ngazi ikiwa vipande vinne, na kuifunga tena kulichukua chini ya nusu saa.

Kitambaa nilichagua kizito kiasi, chenye nyuzi zinazoonekana, kinachopitisha hewa, rangi ya kijani iliyokolea kama jani la mgomba. Veluti ilinivutia sana kwa mng'ao wake, lakini nilipoweka mkono dakika chache nikasikia joto, na vumbi la Sinza lingeifanya iwe na madoa ya kijivu kila Jumatatu. Mito yote ina zipu, navua na kufua nyumbani. Ubavuni mwa mto wa mgongo na ubavuni mwa mto wa kukalia nimemshonesha fundi cherehani mkanda wa kunata, ili usiku mito isiachane. Kabla ya hapo ilikuwa inasogea polepole, ikifika alfajiri kuna ufa wa vidole viwili. Ule mkanda haukufika elfu tano na ndio umenipa utulivu kuliko kitu kingine chochote.

Sasa chandarua, jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenitajia. Mgeni wa sebuleni Dar bila chandarua hajalala, amekesha na mbu. Na sebuleni katikati kuna panga boi. Niliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, nikatoboa dari tundu moja na kuweka ndoano ya chandarua cha duara. Ndoano iko futi mbili kutoka ukutani, yaani juu ya katikati ya sofa ikiwa wazi. Ukiipima sofa ikiwa imekunjwa, ndoano itakaa vibaya na upande wa mbele hautafunikwa. Iko mbali na panga kiasi kwamba upepo unafika lakini chandarua hakifiki kwenye mapanga. Mchana nakisokota na kukifunga juu kwa utepe.

Kasoro zipo. Ukitoa unene wa mto wa mgongo, kalio linabaki na kina cha inchi 24, mtu mfupi miguu haigusi chini vizuri akiegemea, kwa hiyo nimeongeza mito miwili midogo ya kuegemea. Miguu ya mbele ilichora vigae wiki ya kwanza mpaka nilipoibandika vipande vya zulia kuukuu. Msimu wa mvua mbao huvimba kidogo na chaga huwa nzito kuvuta. Kipande cha mshumaa ukikisugua ubavuni mwa chaga kinamaliza tatizo. Na mahali pa kuhifadhi shuka na mto wa mama hakuna, chini ni wazi. Ningekuwa naagiza leo ningeomba droo moja fupi upande wa kushoto, hata kama fagio lingezunguka.

Watu wawili wazima hulala, nimeshalala na mdogo wangu alipokuja kwa mtihani, ila kwa kubanana. Kama wageni wako huja wawili wawili, mwambie fundi afikishe futi tano na uangalie kama sebule yako itaruhusu.

Sponji baada ya mwaka na nusu bado iko juu. Natumia mkono uleule: nabonyeza kwa ngumi, nahesabu, inarudi kabla sijafika tatu. Upande anaokaa mtoto akitazama katuni umeanza kulegea kidogo, ndiyo maana kila mwisho wa mwezi nageuza mito.

Mama alikuwa hapa wiki iliyopita. Mkeka uko nyuma ya mlango, hajaugusa safari nne sasa. Alfajiri nikiwa kitandani nasikia anavyosukuma sofa kwa goti, chaga zinapishana kwa sauti ya chini kama randa inayopita kwenye ubao, kisha maji ya udhu.