Juisi ya kufuturia hapa Dodoma: nimezunguka sana, ukwaju wa Majengo ndo wenyewe

Nianze na jibu kabisa kwa wale wavivu wa kusoma. Uko Dodoma, umefunga, unataka kitu cha baridi na kitamu cha kufuturia ambacho hakitakuacha na kiu kuliko uliyokuwa nayo kabla ya adhana, nenda soko la Majengo kuanzia saa kumi jioni, pita upande wa wauza viungo na tende af uliza mama wa Kirangi anayeuza ukwaju, mtu yeyote atakuonesha. Hana bango wala jina la biashara, ana ndoo tatu nyeupe za koki juu ya benchi, deli la barafu chini na beseni la chupa. Nusu lita ni buku, lita moja na nusu elfu mbili na mia tano. Mi nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu iliyokatwa nitaielezea huko chini.

Sasa kwa wenye muda.

Watu wa Dar mkihamia huku mnaona mfungo wa Dodoma mwepesi kwasababu hamtoki jasho. Jasho linatoka jamani, ila hewa kavu na upepo vinalichukua hapohapo, hujui kama maji yanaisha mwilini mpaka saa tisa mchana midomo imepasuka na ulimi umegandia juu. Na hii miaka Ramadhani imeangukia Februari na Machi, mvua ikikata siku kadhaa tu unaona jua na vumbi vinavyorudi kwa hasira. Af kuna hili suala la magharibi, sisi tuko mbali kuelekea magharibi kuliko Dar kwahiyo jua kwetu linachelewa kuzama kama robo saa hivi, mwanzoni mwa Machi inafika saa kumi na mbili na dakika hamsini na ushee ndo unafungua. Ukiwasha redio ya Dar adhana inalia, jamaa wa Kariakoo wanagida, we umeshika chupa inatiririka maji ya baridi kwa nje unaitolea macho tu. Haikosi mgeni mmoja kwenye mtaa, kahamia na ofisi yake ya serikali, anafuturu kwa adhana ya kwenye TV halafu anaambiwa siku hiyo ailipe.

Ukihesabu toka alfajiri ni saa kumi na tatu na nusu hivi hujaweka kitu mdomoni. Kwahiyo juisi ya kufuturia mi siipimi kwa funda la kwanza, maana muda ule hata maji ya bomba ni matamu. Naipima baada ya tarawehe. Nikirudi msikitini nikawa bado nasaka maji kila dakika, ile haikuwa juisi, ilikuwa sukari iliyopakwa rangi.

Na kwa kipimo hicho wengi wamefeli hapa mjini. Kuna mgahawa mmoja wa kisasa, sitautaja, wana ofa ya futari na faluda yao wanaisifia sana, elfu saba glasi. Kwa macho ni nzuri kweli, sirapu nyekundu chini, maziwa, tambi nyembamba, zile mbegu nyeusi zinazovimba, aiskrimu juu. Lakini jamani tumbo limelala kutwa nzima unalipigia maziwa ya baridi na sirapu na aiskrimu kwa mpigo, ukimaliza umeshiba, mihogo ya nazi inakuangalia, kalimati zinakuangalia, na kiu iko palepale. Faluda ni kitu cha kula saa tatu usiku mkishatulia mnapiga stori. Kuifuturia ni kujitesa.

Wengine wanakuuzia unga wa pakiti uliokorogwa kwenye maji ya barafu wanauita embe. Hao nisiwaongelee.

Ndugu zangu wenye watu Oman wao ni Vimto, ile sirapu ya kuchanganya na maji, na kweli Waarabu wa Ghuba bila ile chupa ya zambarau mezani Ramadhani haijaanza, inachekesha ukijua kwamba ni kitu cha Waingereza, ilianzia Manchester mwaka 1908 kama toniki ya kutia nguvu. Tamu ndio, ila ukiichanganya bila kipimo meno yanauma. Na kwa hapa Dodoma, mji ambao mibuyu imesimama mpaka katikati ya makazi ya watu na ukwaju unashuka kwa magunia kutoka vijijini, kununua sirapu ya ng'ambo mi naona ni dharau kidogo.

Turudi kwa mama. Ukwaju wake unauona tofauti toka rangi, sio ule mweusi tii wala ule wa kahawia iliyopauka, ni kama mti uliopigwa vanishi, na akifungua koki hautoki mbio kama maji, unatoka taratibu kwasababu una unene wake. Ukinywa, ukali unakuja kwanza kwenye kingo za ulimi, mate yanajaa mdomoni yenyewe, ule ukavu wa kutwa unaondoka palepale, af utamu unafuata kwa nyuma ukiwa umetulia, mwisho tangawizi kooni. Hapo ndo nilipomuuliza.

"Mama shikamoo. Hii unaweka sukari gani?"

"Marahaba mwanangu. Sukari hamna humo. Tende hizo."

Nikajua ananitania. Akanyoosha mkono kwa jirani yake muuza tende, kumbe wale wenye tende za jumla maboksi yakifika kuna zilizopondeka na kushikana, haziwezi kupangwa mezani zikavutia mteja, basi anazichukua kwa bei ya chini, anatoa kokwa, analoweka, anasaga na kuchuja. Alianza mwaka 2024 sukari ilivyopaa ikapita elfu nne kwa kilo, akaona akiendelea na sukari atauza kwa hasara au atapandisha bei wateja wakimbie, ikabidi ajiongeze. Sukari ikashuka, yeye hakurudi. Na mi nadhani siri yote iko hapo, kwasababu tende zina utamu wa taratibu na zinaupa ukwaju ule uzito, af isitoshe unakuwa umefuturu kwa tende humohumo, ingawa mi bado natanguliza tende yangu kavu na maji kidogo kama tulivyofundishwa.

Kingine ni maji. Wenyeji wanajua, maji ya visima huku sehemu nyingi yana chumvi, ukipikia chai unaisikia, sasa ukiyatia kwenye ukwaju unapata kitu cha ajabu kinachochokoza koo. Mama anatumia maji ya dumu ya kununua na anayachemsha, nimemkuta mwenyewe asubuhi ana jiko la mkaa na sufuria kubwa. Na barafu haigusi juisi hata siku moja, chupa ndo zinalazwa juu ya barafu ndani ya deli. Kwa mtu ambaye ashawahi kuugua tumbo kwa juisi ya mtaani nadhani mnanielewa kwanini nashangilia jambo dogo kama hili.

Ndoo ya pili ni ubuyu. Hapa kuna watu wanachanganya, ubuyu wa juisi sio ule mwekundu wa pipi wa Zanzibar, ni huu mweupe mkavu na mbegu zake kama unavyotoka kwenye kibuyu, na sisi ndo tunakaa nao. Analoweka usiku, anaufikicha kwa mkono mpaka unga wote unaachia mbegu, anachuja, anaongezea pasheni. Ni mzito, karibu na mtindi, na una uchachu mpole kuliko ukwaju. Kwa mwenye vidonda vya tumbo, kuanza na ukwaju tumbo tupu ni kutafuta kesi. Tena kwa ukwaju hata mwenye tumbo zima usijifanye mjanja ukamaliza lita moja na nusu peke yako kabla ya tarawehe, ukwaju unaendesha, utaacha safu yako msikitini katikati ya rakaa na kila mtu atajua umekunywa nini.

Ndoo ya tatu haipo kila siku. Zabibu. Mnajua huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka na msimu wa Februari na Machi umegongana na mfungo wa miaka hii, kwahiyo zimejaa, yeye anapenda ile Makutupora nyekundu ambayo kwa macho ni nyeusi na wenye viwanda wanaifanyia mvinyo. Na kwasababu huu ni mji wa mvinyo, kila mteja mpya ana swali lilelile, nilikuwepo kijana mmoja wa chuo, UDOM nafikiri, akainusa ile chupa kwanza:

"Mama, hii haijachacha kweli?"

"We mtoto, nikuuzie pombe mwezi mtukufu? Nimeipasha asubuhi ikachemka, nimeipoza. Ikibaki usiku naimwaga, kesho huioni hapa."

Swali lenyewe halikuwa la kijinga. Zabibu zinakuja na hamira yake kwenye ganda, zile unazoona kama zina vumbi jeupe zikikamuliwa mbichi na joto hili zikikaa kutwa zinaanza kutoa povu, ndo maana anaipasha kwanza. Kwa ladha lakini mi simpi alama za juu hapa, ikishapashwa inapoteza ule uhai wa zabibu mbichi, inakuwa kama sirapu. Watoto wanaipenda sana. Kwa nyumbani bora uloweke zabibu kavu usiku kwenye maji masafi, ufuturie yale maji na zabibu zake, ndo ile nabidhi ya zamani, ila uinywe mapema usiiache ikazeeka.

Haya, ile nusu nyota. Chupa. Anatumia chupa za maji zilizorudiwa, anaziosha kwa maji ya moto na sabuni hilo nimeliona, lakini mifuniko mingine ina harufu ya vitu vilivyopita humo, siku moja nilifungua yangu nikapigwa na harufu ya soda ya nanasi. Suluhisho nendeni na chupa zenu, anakupunguzia mia na anafurahi kabisa. Foleni nayo ni shida, kuanzia saa kumi na moja na nusu watu wote wanakumbuka juisi kwa wakati mmoja, bodaboda wanapiga honi huku wana oda za watu wa Area C na Kisasa, na kwenye swaumu ile dakika za mwisho kila mtu ana hasira. Lipa namba hana, beba keshi tena ndogondogo, ukimpa noti ya elfu kumi kwa chupa ya buku atakuangalia tu.

Kuna walioniuliza kama wanaweza kutengeneza wenyewe. Mnaweza, na yeye hafichi. Chukua ukwaju robo kilo, toa nyuzi na maganda. Chemsha maji lita mbili na kipande cha tangawizi kilichopondwa saizi ya dole gumba, kijiti cha mdalasini na iliki kama nne, acha yachemke kama dakika kumi yakolee. Hapo ndo penye ugomvi wake na watu, anasema ukwaju hauchemshwi, wanaochemsha na kokwa zake wanapata uchungu wanaanza kuufukuza kwa sukari, we mimina yale maji ya moto juu ya ukwaju ufunike uende zako mpaka baada ya adhuhuri. Ukirudi ufikiche kwa mkono, uchuje kwa chujio af urudie na kitambaa safi. Tende kama ishirini laini, zilizotolewa kokwa na kulowekwa, zipige kwenye brenda na maji yake uchanganye, weka chumvi kidogo sana ya kushika kwa ncha za vidole, usiiruke hiyo chumvi maana ndo inaondoa ule ukali wa kukereketa. Kama unapenda ndimu weka mwisho. Ingiza kwenye friji angalau saa mbili. Tatizo moja tu, umefunga kwahiyo utakosea utamu maana wengine hatuna ujasiri wa kuonja na kutema, waulizeni masheikh wenu, mi namuita mtoto ambaye hajafikia kufunga aonje, na mtoto kila siku anasema ongeza tende.

Nilipopiga hesabu gharama ya nyumbani haiachani sana na kununua ukiweka gesi na tende, labda kama mko familia kubwa. Mi siku za kazi nanunua, Jumamosi na Jumapili natengeneza.

Wa kwenda leo nendeni kabla ya saa kumi na moja, na kumi la mwisho la mfungo wekeni oda toka jana yake kwasababu watu wa itikafu, wale wanaokaa msikitini kwa ibada, wanachukua kwa madumu. Ukikuta ukwaju umeisha chukua ubuyu. Jirani yake mwenye ile ya njano kwenye kontena la kioo atakuita kwa sauti tamu kuliko juisi yake, msalimie tu upite.