Nyumba ya kupanga Nyegezi: kibaraza nyota tano, dalali nyota mbili

Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Kakamega, Kenya, na nyumba hii ya hapa Mwanza, Tanzania, naipenda. Vyumba viwili, kibaraza kinatazama ziwa, stendi ya mabasi si mbali. Asubuhi mama wa samaki hupita na sato wabichi. "Shikamoo babu," kisha ananipunguzia bei. Kwetu ningeamkiwa "sasa mzee" na bei ikapanda!

Mama mwenye nyumba hana neno. Shida ni dalali. Alitaja kodi ya mwezi tu. Siku ya kulipa ndipo nikasikia miezi sita kwa mpigo, pamoja na mwezi mmoja wake. Pensheni yangu huingia kwa shilingi za Kenya, ikakatwa ada ya kutuma, ikakatwa tena kwenye kubadilisha. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kufunga mizigo.

Akaniahidi pia kwamba nikipapenda nitanunua kiwanja hapo jirani. Wapi! Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji, na kibaraza changu na redio si uwekezaji. Kibali cha ukaazi hakukigusia kabisa. Bima yangu ya afya ya Kenya nayo, zahanati niliyokwenda kwa ajili ya presha waliigeuza-geuza, wakanirudishia. Nililipa taslimu.

Anayekuja aulize ukubwa wa tangi. Huku mlimani maji ya bomba hupanda kwa kusuasua.