Uchambuzi: Pacer, treni ya bodi ya basi iliyowashinda waendeshaji wote wa Northern

Karibuni tena, jamani. Leo nachambua treni, na nawaambia mapema kabisa kwamba nina hasira nayo. Inaitwa Pacer. Imebeba watu wa kaskazini mwa Uingereza, wa Manchester, Leeds, Sheffield na Newcastle, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi Novemba 2020, na ilikuwa imepangiwa maisha yasiyozidi miaka 20. Waendeshaji wa huduma hiyo ya kaskazini, inayoitwa Northern, wakabadilika, nembo zikabadilika, sare za makondakta zikabadilika, treni ikabaki ile ile. Kwa hiyo leo tunachambua vitu viwili kwa mpigo: chombo chenyewe, na mkataba uliokifanya kisiondoke relini. Msiruke mbele, hapa mezani nina sanduku la viatu na nitalitumia sasa hivi.

Nguvu za injini, idadi ya viti, aina ya gia, hayo siyasomi. Wapenzi wa treni mnayajua, na asiyeyajua atayapata popote. Ninachotaka mkione ni chini ya behewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la reli la taifa, British Rail, lilikuwa na treni za dizeli za miaka ya 1950 zilizochoka, na serikali haikuwa na hamu ya kutoa pesa. Wakachukua bodi ya basi la Leyland National, lililokuwa likiundwa Workington, wakaiweka juu ya fremu yenye ekseli mbili tu. Mbili kwa behewa zima. Huo ni muundo wa behewa la mizigo la zamani. Toleo lililozagaa zaidi ni Class 142, seti 96 zilizoundwa kati ya 1985 na 1987, kila seti mabehewa mawili.

Sasa sogeeni. Kamera, teremka kidogo. Sanduku hili nimelikata liwe na urefu wa sentimita 31. Chini yake nimepitisha penseli mbili, kila ncha ina kifuniko cha soda, hayo ndiyo magurudumu. Kutoka penseli hii hadi ile ni sentimita 18. Kipimo nilichotumia ni sentimita 2 kwa kila mita, maana behewa la Pacer lina mita 15 na nusu hivi, na ekseli zake zimeachana mita 9. Tazameni ncha: sentimita 6 na nusu zinaning'inia mbele, 6 na nusu nyuma. Yaani mita 3 na robo za behewa hazina kitu chini yake, kila upande. Na penseli zimebanwa. Hazigeuki.

Shida ya kwanza ni kona. Nimechora reli kwenye karatasi, imepinda. Nikiliweka sanduku juu yake, magurudumu yanaelekea mbele moja kwa moja lakini reli inakwenda pembeni. Mnaona ile pembe ndogo kati ya kifuniko na mstari? Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 160, pembe hiyo ni karibu digrii 1.6. Treni ya kawaida ina bogi, kile kigari kidogo cha ekseli mbili kinachozunguka kwenye pini yake chini ya behewa. Ekseli za bogi zimekaribiana, tuseme mita 2.6, hivyo kwenye kona hiyo hiyo pembe inashuka hadi chini ya nusu digrii. Digrii moja inaonekana ndogo, lakini hiyo ndiyo inayoamua kama ukingo wa gurudumu unateleza kando ya reli au unaisaga. Ukisaga unapiga mlio mkali, na chuma kinalika, cha gurudumu na cha reli pia.

British Rail waliligundua hili mapema sana. Mwaka 1985 walipeleka seti 13 Cornwall na Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, kwenye njia ndogo za St Ives na Looe, ambako kona ni kali. Magurudumu yakaisha kwa kasi ambayo karakana haikuiweza. Zikaondolewa. Zikapelekwa wapi? Kaskazini.

Shida ya pili ndiyo ninayoipenda kuichambua, maana watu wengi wanasema "Pacer inaruka kama basi" bila kujua kwa nini. Reli za zamani za Uingereza ziliungwa kwa vipande vya futi 60, mita 18.3. Penye maungio reli hulegea kidogo, na maungio ya kushoto na kulia yanakaa sambamba, kwa hiyo ekseli nzima inazama kwa pamoja. Haya, rula hii ina alama za maungio. Nasukuma sanduku taratibu. Ekseli ya mbele imezama. Naendelea, naendelea, nimekwenda mita 9, ya nyuma imezama. Mita 9 nyingine na kidogo, ya mbele tena. Mmeshaona? Mita 9 ni karibu kabisa nusu ya mita 18.3. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ukiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, pigo linakuja karibu kila nusu sekunde, na kila pigo linakwenda upande wa pili wa lile lililotangulia. Behewa linaitikia kwa kichwa. Na zile mita 3 na robo zinazoning'inia zinaongeza mwendo huo, ndiyo maana aliyekaa mwisho wa behewa anarushwa kuliko aliyekaa katikati. Waingereza waliliita punda anayetikisa kichwa, na kwa hesabu hii jina limekaa pake.

Bogi ingeponya sehemu kubwa ya tatizo. Ekseli moja ya bogi ikizama milimita 10, katikati ya bogi panashuka milimita 5 tu, na behewa limekaa hapo katikati. Pigo limekatwa nusu hata kabla halijafika kwenye springi. Kuokoa pesa za bogi ndiko kulikozaa haya yote.

Nipumue kidogo. Walioomba uchambuzi wa treni za umeme za SGR ya Dar hadi Dodoma, inakuja, ila nataka iwe na majedwali ya nauli kamili, sitaki kuiharakisha. Na kama umefika hapa hujajiunga na chaneli, bonyeza hapo chini, inatusaidia kweli.

Turudi. Mbona kitu hiki kilidumu? Hapa ndipo wengi wanalaumu kampuni iliyoandikwa ubavuni mwa treni, na hapo ndipo wanapokosea.

Sheria ya Reli ya 1993 iliivunja British Rail. Njia zikaenda kwa kampuni moja, Railtrack, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Network Rail. Treni zikaenda kwa kampuni za kukodisha. Class 142 zikawa mali ya Angel Trains. Huduma za abiria zikagawanywa mikataba 25 ya uendeshaji, ikapigwa zabuni. Sasa mwendeshaji ana nini mkononi? Ana wafanyakazi, ambao anawarithi. Ana treni za kukodi, njia za kukodi, na ruzuku ya serikali kwa idadi ya miaka iliyoandikwa. Hana treni hata moja ya kwake. Mkataba ukiwa umebaki miaka 5, ataagiza treni mpya ya kudumu miaka 30 kwa sababu gani?

Kaskazini kulikuwa na mikataba miwili. Upande wa mashariki ulichukuliwa mwaka 1997 na MTL, kampuni ya mabasi ya Liverpool, ukaitwa Northern Spirit. MTL ikaishiwa nguvu, Arriva wakainunua mwaka 2000, jina likawa Arriva Trains Northern. Upande wa magharibi ulianza kama North Western Trains, kisha FirstGroup wakaushika, ukawa First North Western. Juni 1999, huko Winsford, Pacer isiyo na abiria iligongwa kwa nyuma na treni ya mwendo kasi. Bodi ilisogezwa kutoka kwenye fremu yake. Hakuna aliyekufa, lakini picha zile zilionyesha wazi bodi ya basi imekaa juu ya nini.

Desemba 2004 mikataba hiyo ikaunganishwa ikawa Northern Rail, chini ya ubia wa Serco na kampuni ya reli ya Uholanzi, NedRailways, iliyokuja kuitwa Abellio. Na hapa nataka msikilize vizuri, maana ndicho kiini cha video nzima. Serikali iliutoa mkataba ule kwa makadirio kwamba abiria hawataongezeka. Ongezeko sifuri. Treni mpya hazikuwekwa ndani. Abiria wakaongezeka, tena sana, miaka mfululizo, na watu wakasongamana ndani ya mabehewa ya mita 15 kwa sababu karatasi ilisema hawatakuwepo. Kisha mwaka 2014, mkataba uliporefushwa, nauli za nafuu zikazuiwa saa za jioni kwenye miji mikubwa ya kaskazini. Ulipe zaidi, ndani ya Pacer! Hilo bado linanikera.

Sasa mshindani, na huyu atawashangaza. Liverpool kuna Merseyrail, mtandao wa treni za abiria wa jiji hilo na vitongoji vyake. Julai 2003 uendeshaji wake ulikwenda kwa nani? Serco na NedRailways. Wale wale! Ila mkataba wao ni wa miaka 25, na aliyeutoa ni mamlaka ya eneo, si wizara ya London. Eneo hilo baadaye likaagiza treni zake lenyewe kutoka Stadler ya Uswisi, na umiliki ukabaki kwa umma. Ya kwanza ilianza kubeba abiria Januari 2023. Zilichelewa, hilo nitalisema, na miezi ya mwanzo ilikuwa na usumbufu. Lakini sakafu ya treni inalingana na jukwaa, na kibati kinachomoza chini ya mlango kuziba pengo, mwenye kiti cha magurudumu anaingia mwenyewe. Waendeshaji ni wale wale wawili, makaratasi ni tofauti, abiria wakapata vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Watazamaji wa Afrika Mashariki mnaijua habari hii. TRL, kampuni ya reli ya Tanzania, na RITES ya India, 2007, serikali ikairudisha mikononi mwake 2011. Rift Valley Railways, Kenya na Uganda, mkataba wa miaka 25 ulioanza 2006 ukavunjwa 2017. Ya kwetu ilikuwa hasa mizigo, lakini swali la kumuuliza kila mwendeshaji ni hilo hilo: nani ananunua chombo, na kwa miaka mingapi?

Pacer ziliondokaje basi? Mwaka 2015 waziri wa uchukuzi, Patrick McLoughlin, alitoa agizo la maandishi kwamba mkataba mpya lazima uziondoe, kinyume na ushauri wa maofisa wake, kwa sababu kwenye hesabu zao treni mpya hazikurudisha thamani ya pesa. Namheshimu kwa hilo. Arriva wakashinda, wakaanza tarehe 1 Aprili 2016, na zikaagizwa treni 98, mabehewa 281, kutoka CAF ya Hispania, kwa pauni milioni 490, zikimilikiwa na kampuni ya kukodisha, Eversholt. Baadaye zikaongezwa 3. CAF hao hao ndio waliounda zile treni za dizeli za Mallorca ambazo Kenya ilizinunua zikiwa zimetumika kwa ajili ya abiria wa Nairobi.

Halafu Mei 2018. Ratiba mpya ilianza tarehe 20. Kuweka nyaya za umeme upande wa Bolton kulikuwa kumechelewa, ratiba ikapangwa upya dakika za mwisho, na madereva hawakuwa wamemaliza kujifunza njia. Dereva wa treni haruhusiwi kupita njia asiyoijua, lazima afahamu kila ishara, mteremko na mahali pa kuanza kushika breki. Treni ipo, dereva yupo, safari inafutwa. Kuanzia Juni 4 Arriva wakakata safari 165 kwa siku ili zilizobaki ziende kwa uhakika, na njia ya Windermere ikabaki bila treni zao kabisa kwa muda. Treni za CAF zikachelewa hadi Julai 2019. Kuanzia Januari 1, 2020 treni zisizofaa kwa walemavu hazikuruhusiwa tena kisheria, na Pacer ikaombewa kibali cha ziada. Machi 1, 2020, serikali ikachukua uendeshaji wenyewe kupitia kampuni yake, Northern Trains. Mkataba wa Arriva ulikuwa ufike 2025.

Baada ya kusema yote hayo, hasira yangu imepungua upande mmoja. Katika miaka ya 1980, bila chombo cha bei ile, baadhi ya njia ndogo zingefungwa, na njia iliyong'olewa mataruma hairudi kirahisi. Kwa miaka 20 ilikuwa dawa. Miaka 15 ya ziada ndiyo siwezi kuisamehe.

Ukitaka kuiona, seti ya kwanza ya Class 142, namba 142001, imehifadhiwa Shildon, kwenye tawi la makumbusho ya taifa ya reli. Usiishie kupiga picha ya uso wake. Simama ubavuni, inama, hesabu ekseli za behewa moja, halafu pima kwa hatua kutoka moja hadi nyingine. Ukipata hatua kubwa tisa, niandikie kwenye maoni. Video ya Merseyrail na kile kibati cha mlangoni inapanda Alhamisi.